Kura Mbili za Hapana

Asubuhi ya Agosti 4, 1964, Daniel Ellsberg, mchambuzi mwenye umri wa miaka 33, alikuwa anaanza kazi Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Kabla hajakizoea hata kiti chake, aliletewa simu ya maandishi iliyotoka Ghuba ya Tonkin, pwani ya Vietnam Kaskazini, ambako saa hizo ulikuwa usiku. Kapteni John Herrick, kiongozi wa manowari mbili za Marekani, Maddox na Turner Joy, aliripoti kwamba wanashambuliwa. Simu zikafuatana, kila moja ikiongeza idadi ya torpido zilizotupwa. Kisha ikaja moja isiyofanana na zile za mwanzo. Herrick alikuwa ameingiwa na shaka. Huenda hali ya hewa imeivuruga rada, alisema, na huenda mabaharia waliokuwa wakisikiliza mitambo ya chini ya maji walikuwa na pupa. Ndani ya Maddox hakuna aliyeiona mashua ya adui kwa macho yake. Alishauri mambo yachunguzwe yote kabla ya kuchukuliwa hatua nyingine yoyote.

Hatua ilichukuliwa. Saa tano na dakika 37 usiku Rais Lyndon Johnson alitokea kwenye televisheni akawaambia Wamarekani kwamba meli zao zimeshambuliwa kwenye bahari kuu na kwamba jibu linatekelezwa wakati huo huo anapozungumza. Ndege za kivita zilishambulia vituo vya mashua na hifadhi ya mafuta ya Vietnam Kaskazini. Rubani mmoja, Everett Alvarez, ndege yake ilidunguliwa, akakamatwa akiwa hai. Alikaa kifungoni zaidi ya miaka minane.

Ili kuielewa hasira iliyokuja baadaye, ni lazima kujua kile ambacho Wamarekani hawakuambiwa usiku ule. Shambulio la kwanza, la Agosti 2, lilitokea kweli: mashua tatu za Vietnam Kaskazini ziliifuata Maddox mchana kweupe, na risasi moja ikaipata manowari hiyo. Lakini siku chache kabla yake, usiku wa kuamkia Julai 31, makomando wa Vietnam Kusini walikuwa wamevishambulia visiwa viwili vya Kaskazini, Hon Me na Hon Ngu, katika mpango wa siri uliobuniwa na kusimamiwa na Wamarekani wenyewe. Kwa macho ya serikali ya Kaskazini mjini Hanoi, Maddox haikuwa meli iliyojipitia zake tu. Na azimio ambalo Johnson alikuwa anajiandaa kulipeleka Bungeni, rasimu yake ilikuwa imeandikwa tangu miezi ya Mei na Juni na William Bundy na wenzake serikalini, likawekwa kabatini kusubiri siku yake.

Azimio hilo lilikuwa fupi. Lilimruhusu rais kuchukua hatua zote zinazohitajika kuzuia mashambulizi dhidi ya majeshi ya Marekani na kuzisaidia nchi rafiki za Kusini-Mashariki mwa Asia, kwa nguvu za silaha ikibidi. Halikuweka kikomo cha wakati wala idadi ya askari. Lingekoma siku rais mwenyewe atakapoona amani imerudi, au Bunge litakapolifuta. Johnson baadaye alilifananisha na gauni la kulalia la bibi, kwa kuwa linafunika kila kitu.

Kazi ya kulipitisha katika Seneti alipewa William Fulbright wa Arkansas, mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje. Palikuwa na sababu. Fulbright alisoma Oxford, akawa rais wa Chuo Kikuu cha Arkansas akiwa na miaka 34, na ndiye mwanzilishi wa ule mpango wa mwaka 1946 wa kubadilishana wanafunzi na wasomi unaojulikana kwa jina lake hadi leo. Mwaka 1954, maseneta walipokuwa wanamwogopa mwenzao Joseph McCarthy na msako wake wa wakomunisti, Fulbright peke yake alipiga kura ya kuinyima fedha kamati ya McCarthy. Mtu wa namna hiyo akisimama na kusema azimio hili halina hatari, watu wanamsikiliza. Isitoshe, yeye na Johnson walikuwa marafiki wa miaka mingi, na uchaguzi wa Novemba ulikuwa umekaribia. Mpinzani, Barry Goldwater, alikuwa anazungumzia vita waziwazi. Fulbright aliamini kwamba kumsaidia Johnson ndiyo njia ya kuizuia nchi isiangukie mikononi mwa Goldwater.

Palikuwa na mtu mmoja katika Seneti ambaye hakuyumba hata siku moja. Wayne Morse wa Oregon alikuwa mwalimu wa sheria kabla ya kuwa mwanasiasa, mgomvi, mwenye kuhutubia kwa saa nyingi mpaka wenzake wakaondoka mmoja mmoja. Alianza akiwa Republican, akawa hana chama, akaishia kuwa Democrat. Kabla ya mjadala, mtu wa Pentagon ambaye hakujitaja alimpigia simu akamshauri aulizie kitabu cha kumbukumbu cha Maddox na zile operesheni za siri za visiwani. Agosti 6, katika kikao cha faragha cha kamati, Morse aliuliza. Waziri wa Ulinzi, Robert McNamara, alijibu bila kusita kwamba jeshi la maji la Marekani halikuhusika na vitendo vyovyote vya Vietnam Kusini, na hata halikuvifahamu, kama viliwahi kuwapo. Kikao hakikufika saa mbili. Morse ndiye pekee aliyepinga.

Ukumbini kulikuwa na waliojisikia vibaya. Gaylord Nelson wa Wisconsin alitaka kiongezwe kifungu kinachosema wazi kwamba Bunge halikusudii vita vipanuliwe. Fulbright alimtuliza. Alisema haoni kitu ndani ya azimio kinachopingana na nia hiyo, lakini kulirekebisha kutalichelewesha, maana itabidi lirudi kupatanishwa na Baraza la Wawakilishi. John Sherman Cooper wa Kentucky aliuliza swali lililonyooka kuliko yote: rais akiamua kutumia nguvu inayoweza kutuingiza vitani, je, kwa azimio hili tutakuwa tumempa mamlaka hayo? Fulbright akajibu kwamba yeye analielewa hivyo.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa lawama ulipo. Swali liliulizwa. Jibu lilitolewa hadharani, ndani ya Seneti. Hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba hakusikia. Ni kweli kwamba serikali iliwaficha mambo, lakini katiba ya Marekani inalipa Bunge, si rais, mamlaka ya kutangaza vita, na hakuna aliyewalazimisha maseneta kuikabidhi dhamana hiyo ndani ya siku mbili huku wakiangalia saa. Agosti 7 Baraza la Wawakilishi lilijadili kwa dakika 40 hivi, likapitisha kwa kura 416 bila hata moja ya kupinga. Katika Seneti walikubali 88. Waliokataa walikuwa wawili: Morse, na Ernest Gruening wa Alaska, mzee wa miaka 77 aliyesomea udaktari, akawa mhariri wa magazeti, kisha gavana wa Alaska kabla haijawa jimbo kamili. Gruening alikuwa ametaka askari warudishwe nyumbani tangu Machi ya mwaka ule. Morse aliwaambia wenzake kwamba historia itaandika kuwa siku hiyo wamefanya kosa kubwa.

Johnson alishinda uchaguzi kwa kishindo baada ya kuahidi, katika hotuba yake ya Akron mwezi Oktoba, kwamba hatawapeleka vijana wa Kimarekani maelfu ya maili kufanya kazi ya vijana wa Asia. Miezi minne baada ya kura kuhesabiwa, Machi 2, 1965, mabomu yakaanza kumiminika Kaskazini katika kampeni iliyoendelea zaidi ya miaka mitatu. Machi 8 wanamaji 3,500 wakatua ufukweni Da Nang. Julai 28 Johnson akatangaza, katika mkutano wa mchana na waandishi wa habari, kwamba idadi ya askari inapanda kutoka 75,000 hadi 125,000, na kwamba wakihitajika zaidi watapelekwa. Bunge halikuombwa kura mpya. Kila seneta aliyenung'unika alionyeshwa lile azimio la Agosti.

Fulbright alianza kujitenga polepole, na si kwa sababu ya Vietnam peke yake. Aprili 1965 Johnson alipeleka askari Jamhuri ya Dominika kwa madai ya hatari ya kikomunisti, na kamati ilipochunguza iligundua kuwa madai hayo yalitiwa chumvi. Septemba 15 Fulbright alisimama Senetini akaeleza alichokiona. Johnson akaacha kumwalika Ikulu. Urafiki wa miaka ukafa, na nadhani ndipo seneta huyo alipoanza kujiuliza kama Agosti 1964 naye hakupewa habari zilizopikwa.

Januari 1966 serikali ililiomba Bunge fedha zaidi za msaada, nyingi zikiwa za Vietnam. Fulbright aliitumia nafasi hiyo. Badala ya kuhoji mawaziri faraghani, alifungua milango na kuruhusu kamera. Kwa siku sita, kuanzia Januari 28 hadi Februari 18, Wamarekani waliketi sebuleni kwao wakitazama jambo ambalo hawakuwa wamewahi kuliona: viongozi wa nchi wakibishana, kwa heshima lakini bila kuoneana haya, kuhusu vita vinavyoendelea. Mpaka wakati huo wapinzani wa vita walikuwa wakichorwa kama wanafunzi wenye nywele ndefu na wahubiri wasiojua mambo ya dunia. Sasa Februari 8 aliketi mezani Jenerali James Gavin, aliyeruka kwa miavuli na askari wake Normandy mwaka 1944, akasema nguvu ya Marekani inatumika pasipostahili, na ni afadhali majeshi yashikilie maeneo ya pwani waliyo nayo kuliko kuongeza vita.

Siku mbili baadaye akafuata George Kennan. Huyu hangeweza kuitwa rafiki wa wakomunisti. Alikuwa balozi Moscow, na sera nzima ya Marekani ya kuuzuia Usovieti usitanuke ilitokana na maandishi yake ya miaka ya 1946 na 1947. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, asiyependa kelele, aliyesoma maelezo yake kama profesa darasani. Alisema kama Marekani isingekuwa imekwisha kuingia Vietnam, yeye asingeona sababu yoyote ya kuingia. Hakushauri kukimbia kwa siku moja. Alichosema ni kwamba nchi hupata heshima zaidi kwa kuacha kwa ujasiri msimamo usiofaa kuliko kwa kung'ang'ania malengo yasiyofikika. Mtu aliyeibuni sera ile ndiye alikuwa anasema imetumiwa mahali pasipo pake.

Si wote waliomsikia. Saa hiyo Kennan anazungumza, shirika la televisheni la CBS liliamua kuonyesha marudio ya kipindi cha vichekesho, maana vipindi vya mchana vilikuwa na matangazo ya biashara na ushahidi wa Senetini haukuwa na senti. Mkuu wa idara ya habari ya CBS, Fred Friendly, alijiuzulu kwa ajili hiyo siku chache baadaye. Naye Johnson hakungoja kusikia. Alikuwa amepanga ghafla mkutano Honolulu na viongozi wa Vietnam Kusini, uliofanyika Februari 6 hadi 8, na safari yake ikavuta kamera nyingi kuelekea Hawaii.

Februari 17 ilikuwa zamu ya Jenerali Maxwell Taylor, aliyewahi kuwa mkuu wa majeshi na balozi Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini. Morse alimwambia kwamba haitapita muda mrefu wananchi wa Marekani wataikataa vita hii. Taylor akajibu kwamba habari hiyo itapokewa vizuri Hanoi. Morse akawaka. Alisema hayo ndiyo matope ambayo wanajeshi huwatupia wale wanaotofautiana nao kwa uaminifu kuhusu sera ya nchi yao. Katika majibizano yale mafupi imo hoja iliyotumika dhidi ya kila mkosoaji kwa miaka saba iliyofuata: ukiuliza, unamsaidia adui. Kesho yake Waziri wa Mambo ya Nje, Dean Rusk, alihojiwa kutwa. Yeye na Fulbright walikuwa watu wa Kusini mwa Marekani wote wawili, na wote walisoma Oxford kwa ufadhili ule ule. Waliongea kama watu wasioishi katika nchi moja.

Kennan alipoketi kwenye meza ile, Wamarekani waliokufa Vietnam hawajafika 4,000. Kabla vita havijaisha walipita 58,000. Ninaitaja hesabu hii kwa sababu wapo wanaosema kwamba mwaka 1966 haikujulikana bado mambo yatakwendaje. Ilijulikana. Ilisemwa hadharani, na watu ambao serikali yenyewe ilikuwa imewaheshimu, mbele ya kamera, katika jengo la Seneti. Serikali ilisikia, ikaongeza askari. Aprili 1969 walikuwa 543,000.

Kuna jambo ambalo wanaomsifu Fulbright hulipita haraka, nami sitaki kulipita. Mwaka 1956 alitia sahihi tamko la wanasiasa wa Kusini la kupinga watoto weusi na weupe kusoma pamoja, na mwaka 1964 alishiriki katika hotuba ndefu za kuuchelewesha mswada wa haki za kiraia. Vijana weusi wa Arkansas, ambao hakutaka waketi darasa moja na weupe, walikuwa wanaandikishwa jeshini na kuzikwa kama wengine. Aliyeliunganisha jambo hilo na vita hakuwa seneta. Aprili 4, 1967, katika kanisa la Riverside jijini New York, Martin Luther King alisema waziwazi kwamba nchi inawapeleka vijana hao kwenda kutetea, maelfu ya maili kutoka kwao, uhuru ambao hawajauona nyumbani, na kwamba fedha za kuwasaidia maskini zinamezwa na vita. Magazeti makubwa ya New York na Washington yalimshambulia, yakamtaka ashughulikie mambo ya watu wake. Johnson alimwona kama msaliti. King aliuawa mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile ya Aprili 4.

Agosti 1967 Nicholas Katzenbach, naibu wa Rusk, alifika mbele ya kamati ya Fulbright akasema azimio la Tonkin lilikuwa na uzito ule ule wa tangazo la vita. Kwa maseneta wengi hilo lilikuwa kama kupigwa kofi, lakini alikuwa anasema kweli: ndivyo walivyompa rais, kwa mikono yao. Fulbright akawaagiza wasaidizi wake wa kamati kuchimbua kilichotokea Ghuba ya Tonkin. Walipata kumbukumbu za meli. Waliipata ile simu ya Herrick.

Mwisho wa Januari 1968, wakati wa Tet, sikukuu ya mwaka mpya wa Kivietnam, majeshi ya Kaskazini na Vietcong, wapiganaji wa Kusini waliokuwa upande wao, walishambulia miji zaidi ya mia moja kwa wakati mmoja, wakaingia hata uani kwa ubalozi wa Marekani mjini Saigon. Kijeshi walipata hasara kubwa sana. Lakini wiki chache tu kabla yake makamanda walikuwa wamewahakikishia Wamarekani kwamba ushindi umekaribia, na baada ya Tet hakuna aliyewaamini tena. Katika hali hiyo, Februari 20, McNamara aliitwa tena na kamati, kwa faragha, siku chache kabla ya kuondoka wizarani. Alikubali kwamba simu ya Herrick ilikuwapo. Alikubali kwamba mashambulizi ya visiwani yalikuwapo. Bado alishikilia kwamba shambulio la Agosti 4 lilitokea, na kwamba kudhani serikali ililichokoza kwa makusudi ni jambo la kuchukiza.

Maseneta walijibu nini? Tunajua, kwa sababu kumbukumbu za vikao hivyo zilifunguliwa mwaka 2010, baada ya miaka 42. Albert Gore wa Tennessee, baba wa yule aliyekuja kuwa makamu wa rais, aliwaambia wenzake kwamba ikiwa Bunge limedanganywa likaingia kwenye vita ambavyo maelfu ya vijana wamekufa na maelfu zaidi wamelemaa, basi matokeo yake ni mazito mno. Wenzake walikubaliana naye kwa huzuni. Kisha wakaamua kutochapisha hitimisho lolote. Walihofia kuivuruga nchi katikati ya vita. Walihofia kwamba ushahidi hautoshi. Wakawafungia wananchi kile ambacho serikali ilikuwa imewafungia wao.

Nimelisoma jambo hili mara nyingi na siwezi kulisamehe. Mwaka 1968 peke yake Wamarekani zaidi ya 16,000 waliuawa Vietnam. Hesabu ya Wavietnamu haikuwa na wa kuiandika kwa uhakika huo. Waliokuwa na ukweli mkononi, na mamlaka ya kuusema bila kushtakiwa, walinyamaza kwa heshima ya utaratibu.

Siasa ilikwenda mbele bila wao. Eugene McCarthy wa Minnesota, mjumbe wa kamati ile ile, aligombea dhidi ya rais wa chama chake mwenyewe, na Machi 12 akapata asilimia 42 ya kura za mchujo New Hampshire. Machi 31 Johnson alitangaza kwamba hatagombea tena. Wale wawili wa Agosti 1964 nao hawakupona mwaka huo: Gruening alishindwa na Mike Gravel ndani ya chama chake huko Alaska, na Morse alipoteza kiti cha Oregon mwezi Novemba kwa kura elfu chache.

Richard Nixon aliingia madarakani akiahidi amani. Machi 18, 1969, ndege zake za B-52 zilianza kuipiga Cambodia kwa siri, nchi ambayo Marekani haikuwa na vita nayo. Ili Bunge lisijue, ripoti za safari hizo ziliandikwa upya kuonyesha kwamba mabomu yalianguka Vietnam Kusini. Miezi 14 mizima. Siri ilifumuka rasmi mwaka 1973, meja mmoja wa jeshi la anga alipowaeleza maseneta jinsi alivyokuwa akichoma nyaraka za kweli na kupeleka za uongo.

Ellsberg, yule mchambuzi wa siku ya kwanza, alikuwa amekwenda Vietnam, akarudi akiwa mtu mwingine. Mwishoni mwa 1969 alinakili usiku kwa usiku kurasa zipatazo 7,000 za utafiti wa siri wa Pentagon kuhusu historia ya vita, zilizoonyesha marais wanne wakisema hili hadharani na lile faraghani. Mtu wa kwanza mkubwa aliyempelekea alikuwa Fulbright. Fulbright alizipokea, zikafungiwa kwenye sefu ya kamati, akaandika barua kwa Waziri wa Ulinzi kumwomba atoe utafiti huo rasmi. Waziri akakataa. Fulbright akaandika tena. Kurasa zikabaki kwenye sefu. Ndipo Ellsberg alipoumwaga mtama kwenye kuku wengi: Juni 13, 1971, New York Times ilianza kuzichapisha, na Juni 30 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwa majaji sita dhidi ya watatu kwamba serikali haiwezi kuyazuia magazeti. Usiku wa kuamkia siku hiyo Gravel, yule yule aliyemng'oa Gruening, alikuwa amesoma sehemu ya kurasa hizo katika kamati ndogo ya Seneti huku machozi yakimtoka, ili ziingie kwenye kumbukumbu za Bunge.

Azimio la Tonkin lenyewe lilikuwa limekwisha kufutwa. Nixon alipopeleka askari Cambodia Aprili 30, 1970, vyuo vililipuka, na wanafunzi wanne wakauawa kwa risasi na askari Kent State, Ohio. Juni Seneti ikapiga kura 81 kwa 10 kulifuta azimio, na Januari 1971 Nixon akatia sahihi bila kupinga. Hakuwa na haja nalo, alisema. Cheo chake cha amiri jeshi mkuu kilimtosha. Marekani iliendelea kupigana miaka miwili mingine. Mlango ambao Bunge lilikuwa limeufungua kwa siku mbili haukufungika kwa kura moja.

Novemba 7, 1973, wabunge walimshinda Nixon kwa kupitisha, juu ya kura yake ya turufu, sheria inayomtaka rais aliarifu Bunge ndani ya saa 48 anapoingiza askari vitani na kuwaondoa baada ya siku 60 asipopata idhini. Marais wengi waliofuata hawakukubali kwamba sheria hiyo inawafunga. Fulbright alipoteza kiti chake mwaka 1974. Gruening alikufa Juni ya mwaka huo, Morse Julai. Saigon iliangukia mikononi mwa Kaskazini Aprili 30, 1975. Serikali ya Vietnam ilikuja kukadiria kwamba raia milioni mbili walikufa pamoja na wapiganaji milioni moja na laki moja.

Mwaka 2005 shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani lilitoa utafiti wa mwanahistoria wake, Robert Hanyok. Usiku wa Agosti 4, 1964, hakukuwa na shambulio lolote, na taarifa zilizonaswa zilipangwa ili ionekane lilikuwapo.

Bunge lilikuwa limekwisha kufungua tena mlango kama ule. Septemba 14, 2001, siku tatu baada ya mashambulizi ya New York na Washington, Baraza la Wawakilishi lilipiga kura kumruhusu rais kutumia nguvu zote zinazofaa dhidi ya waliohusika. Waliokubali walikuwa 420. Aliyekataa alikuwa mmoja, Barbara Lee wa California, na katika maelezo yake alimtaja Wayne Morse. Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba azimio hilo linawahusu pia Al-Shabaab wa Somalia, kundi ambalo Septemba 2001 lilikuwa halijaundwa. Januari 5, 2020, Al-Shabaab walishambulia kambi ya Manda Bay, Lamu, wakaua Wamarekani watatu. Mpaka siku hiyo Bunge la Marekani halikuwa limepiga hata kura moja ya kuidhinisha vita dhidi yao.